Simu Iliyomwita Gaju

Gari la kumpeleka Élie Muhire kwenye gereza la Goma lilikuwa linanguruma mbele ya kituo cha polisi cha Kitshanga, na dereva alishaanza kupiga honi, Inspekta Drocella Uwamwezi alipotoka nje na kumwambia azime injini.

"Kesho," alisema. "Watu wakiisha kuleta maziwa."

Dereva hakuzima. Alimtazama kwanza Papa Ndayambaje, aliyesimama kando ya gari na kofia yake ya pama, kwa sababu mafuta ya safari ile yalitoka mfukoni mwa Papa Ndayambaje. Huyu alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa wafugaji, mtu mzito wa mwili na mzito zaidi wa sauti, na tangu ng'ombe waibwe Jumapili hakuna aliyemshinda kwa kulalamika.

"Inspecteur, ju ya nini kesho?" akauliza. "Mwizi mulishamukamata. Mashini yenyewe ilimutaja. Unangoja nini tena, aungame mbele ya Askofu?"

"Nangoja kuelewa, Papa."

"Kuelewa nini? Miye sikusomaka mambo ya rezo, ya mutandao. Telefone yangu ni ya kuita watu tu. Na tangu basimamishe ile antene sijapanda kule ku kilima hata siku moja, magoti inakatala. Lakini hata miye nilielewa!"

Drocella alimwitikia kwa kichwa tu, kwa adabu, kisha akamkazia dereva macho mpaka injini ikazimika. Alikuwa mwanamke mfupi, na alishazoea kuwaangalia wanaume kutoka chini kwenda juu bila kupungukiwa chochote. Akarudi ndani.

Kesi yenyewe kila mtu sokoni aliweza kuisimulia. Ushirika ulikuwa umesimika visanduku vya redio juu ya vilima, kimoja kikikitazama kingine, kutoka Kitshanga kupitia Mweso mpaka kule Pinga ambako msitu wa Walikale unaanza. Mchungaji akiona wezi, alituma neno moja kwa simu yake, na neno lile liliruka kilima hadi kilima mpaka nchi nzima ikaamka. Kwa kitu hicho watu wa Masisi walikuwa wameanza kulala usingizi. Sasa Jumapili, wakati wa misa, mtu aliingia kwa simu yake katika sanduku la kilima cha Murambi akageuza njia ya ujumbe. Wachungaji walipopiga kelele, kelele zao zilipelekwa kwenye anwani isiyokuwepo, na kundi la ushirika likaswagwa mchana kweupe bila mtu kusikia. Sanduku lilipofunguliwa, lilikumbuka mgeni mmoja tu: simu ya Élie, mlinzi wa antena hiyo hiyo.

Élie mwenyewe alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, na homa ya juzi bado ilikuwa machoni mwake.

"Nilikuwa mu kitanda, Afande," alisema. "Muke yangu njo shahidi."

"Muke si shahidi kwa parquet, ku ofisi ya mashitaka. Telefone yako uliazimisha nani siku ile?"

"Akuna muntu. Ilikuwa chini ya kichwa yangu."

"Iliisha kuharibika zamani?"

Élie alishangaa swali lile. "Ndiyo. Ilianguka mu bidon ya maziwa, ikakufa. Nzabonimpa njo aliifufua."

Drocella akasimama. Hakumpa matumaini, maana hakupenda kugawa kitu ambacho bado hakuwa nacho. Lakini alipofika mlangoni aligeuka. "Usiku wa leo utalala hapa, si Goma. Kula chakula uliletewa."

Ofisini alimkuta Byukusenge, fundi wa mtandao wa ushirika, kijana aliyesomea Bukavu na aliyekuwa na majonzi ya mtu aliyefiwa. Ushahidi dhidi ya Élie ulitoka kwake, na Élie alikuwa rafiki yake.

"Nieleze tena ile nimero," Drocella akamwambia. "Polepole. Fanya kama miye ni muntu wa kijijini, sababu njo niko."

"Kila telefone inatoka ku fabrique na nimero yake ya Wi-Fi. Si ile ya kuita watu, hapana. Ni nimero ya mashini. Telefone ikitaka kusema na sanduku, inaionyesha kwanza. Dunia nzima ilipatana vile, ao sivyo mashini hazingesikilizana. Ni kama chapa ku ngombe. Mbili haziwezi kufanana."

"Kama chapa?"

"Njo vile."

Drocella akacheka, na Byukusenge akakunja uso, maana hakuona cha kuchekesha.

"Kaka, wewe ni wa muji. Miye nilikulia mu ngombe. Mwizi wa Masisi akiiba ngombe anafanya nini siku ya kwanza? Anapasha chuma moto, anachoma chapa ya juu ya chapa. Parquet ya Goma inaamini chapa. Siye huku tunauliza chuma kilipita mu mikono ya nani." Akachukua kofia yake. "Twende kwa Nzabonimpa."

Kibanda cha Nzabonimpa kilikuwa karibu na maegesho ya pikipiki, na kwenye kabati lake la kioo zilipangwa simu zilizokufa na zile zilizofufuka. Mwenyewe alikuwa mchangamfu kupita kiasi, wa kuongea huku bisibisi iko mdomoni. Drocella alimwomba simu yoyote aliyoitengeneza. Akapewa. Byukusenge akaifungua, akatafuta ukurasa wa maelezo, akasoma nambari, kisha akaisoma tena huku midomo ikimcheza. Akaomba nyingine. Akaomba ya tatu.

"Haiwezekane," akasema. "Zote iko na nimero ya Élie."

"Hapana," Drocella akasema, "Élie njo iko na nimero ya zote. Kaka Nzabonimpa, telefone ikikufa unafanya nini?"

"Mama, ni rahisi. Niko na programu moja muzuri, niliitoa mu telefone moja ya nguvu sana. Natia ile ile mu zote, zinaamuka." Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na tabasamu likaanza kumnywea. "Ni makosa?"

"Na nimero inafuata programu?"

"Sikuiangaliaka. Watu banataka ipige, inapiga."

Byukusenge alikwisha kuona mwizi. Alimvuta Drocella kando, akamnong'oneza kwa hasira kwamba nani mwingine, kama si huyu, anayejua kuchezea nambari? Amkamate sasa hivi.

"Nzabonimpa ni mukosaji wa telefone, si mwizi wa ngombe," Drocella akamjibu. "Jumapili alipiga kinanda misa muzima. Nilikuwa mu korali, nikiimba mugongoni kwake. Kama alipanda Murambi, alipanda na kinanda."

Waliondoka pale wakiwa wamepata kitu na kupoteza kitu. Chapa iliyomfunga Élie haikuwa yake peke yake. Lakini nusu ya Kitshanga ilikuwa imepita katika mikono ya Nzabonimpa, na mwendesha mashtaka wa Goma, Drocella alimjua, asingemwachia mtu kwa sababu tu wengine wangeweza kuwa wezi. Alitaka mwizi, tena mwenye jina.

Njiani wafugaji wawili walikutana mbele yao, fimbo mabegani. "Amashyo!" mmoja akamtakia mwenzake makundi ya ng'ombe. "Amashongore!" mwenzake akamrudishia, majike kwa wingi, kama inavyojibiwa tangu zamani, na hapo ndipo wakaanza kuulizana habari za wake na watoto.

"Angalia," Byukusenge akasema kwa huzuni, akiwaonyesha kwa kidevu. "Hata mashini iko vile. Hazianze kusema bila kusalimiana. Moja inaita, ingine inaitika, ya kwanza inakubali, njo habari inapita. Ukikosa kuitika vile inapaswa, akuna habari."

Drocella akasimama katikati ya barabara, pikipiki ikampigia honi na kumpita pembeni.

"Nani anaita kwanza? Sanduku ao telefone?"

"Kwa kawaida sanduku inatangaza jina yake, kila telefone inaisikia. Lakini ile ya Murambi niliificha. Inanyamaza. Telefone yenye haijue jina yake haitaiona."

"Na yenye inajua?"

"Ile itaita yenyewe. Haina namna ingine. Iliisha kuingia mara moja, haisahau. Kila pahali iko inaita: Gaju, uko? Gaju, uko?"

Gaju lilikuwa jina la ng'ombe wa kwanza wa ushirika, mwekundu wa kahawia, na Byukusenge aliupa mtandao wa Murambi jina hilo kwa mapenzi tu.

"Ku soko inaita?"

"Ku soko, ku kanisa, mu mufuko ya suruali. Sanduku yenye kuwa na ile jina ikiwa karibu, itaitika, na telefone itaingia bila mwenyewe kujua."

"Bila mot de passe, neno la siri?"

Byukusenge akaangalia viatu vyake. "Sikutia. Nilisema, mulango iko mafichoni, funguo ya nini? Jina tuliijua wawili tu, miye na Élie."

Drocella angeweza kumkaripia, na alistahili. Lakini alikuwa ameshaanza kuzihesabu simu kichwani. Simu ya Byukusenge ilikuwa mpya, haijaguswa na Nzabonimpa. Ya Élie ilikuwa kwenye sanduku la vielelezo, imezimwa. Basi simu nyingine yoyote katika Kitshanga yenye chapa ya Nzabonimpa na inayomwita Gaju ilikuwa mfukoni mwa mwizi, na iliita mchana kutwa kwa sauti ambayo mwenyewe hakuweza kuisikia.

"Uko na sanduku ingine?"

"Moja, ya akiba."

"Ipe jina ya Gaju."

"Na kama mwizi aliamuru telefone yake isahau?"

"Basi kesho Élie anaenda Goma," Drocella akasema, "na wewe na miye tutaenda kumuletea chakula kila juma."

Asubuhi iliyofuata, ukungu ukiwa bado umelalia malisho, watu walianza kushuka na madumu ya maziwa, wengine kichwani, wengine kwenye pikipiki. Mahali pa kupokelea palikuwa kibanda cha bati kilicho wazi pande zote, na meza moja. Hakuna maziwa yaliyopokelewa Kitshanga bila kupita kwenye meza ile: Mama Verdiane, mpimaji, alichota kidogo, akatia pombe kali ya kupimia, akatikisa, akatazama kama yanaganda. Yakiganda, unarudi nayo nyumbani hata uwe padri. Kwa hiyo watu walipanga foleni na kuja mmoja mmoja, kila mtu akisubiri hukumu yake, na hiyo ndiyo foleni Drocella aliyoitaka.

Yeye alivaa aproni akasimama kando ya Verdiane, akipanga vikombe. Chini ya meza, nyuma ya kreti, Byukusenge alikuwa amejikunja na kompyuta yake na sanduku la akiba. Alikuwa amelivua antena zake zote ili sauti yake isivuke meza. Aliyesimama mbele ya Verdiane angesikika, aliye nyuma yake hapana.

"Mama Verdiane," Drocella alinong'ona, "telefone yako ilitengenezwa wapi?"

"Kwa Nzabonimpa. Ju ya nini?"

"Iache mu mufuko, usiizime."

Walipita. Alipita mwenye duka, akapita mwalimu, wakapita vijana wa pikipiki ambao Drocella alikuwa amewawekea matumaini, na wengi wao simu zao zilikuwa za Nzabonimpa. Kila mara alishusha macho chini ya meza, na kila mara Byukusenge alitikisa kichwa. Foleni ilifupika. Mbele ya kituo gari la Goma likawashwa, na dereva akapiga honi. Wakabaki watu wachache, kisha mwanamke mmoja na dumu lake dogo. Hata yeye akapita.

Drocella alitazama upande wa kituo. Alimfikiria mke wa Élie, aliyekuwa amekaa chini ukutani pa kituo tangu alfajiri na sufuria ya ugali imefungwa kitambaani, akijiuliza kama atamlisha mumewe hapa au amkimbize nyuma ya gari.

"Inspecteur!" Papa Ndayambaje alikuwa anakuja kwa hatua pana. Hakuwa na dumu, alikuja kudai gari lake liondoke. "Siku hizi polisi inauza maziwa? Gari inakula mafuta yangu kule!" Akafika, akaegemeza viganja vyake vyote viwili mezani, mbele ya Verdiane.

Chini ya meza kilisikika kishindo. Byukusenge alikuwa ameinuka kabla ya kukumbuka kwamba yuko chini ya meza, akajigonga kichwa, na vikombe vikamwagika.

"Iko inaita!" akapiga kelele, akitoka huku amejishika utosi. "Iko inaita! Iliingia!"

Drocella alivua aproni polepole. Lilikuwa jambo dogo, lakini alitaka kuvaa sare tu kwa maneno yaliyofuata.

"Papa Ndayambaje, jana uliniambia kitu. Uirudilie mbele ya hawa watu. Ulishapanda Murambi tangu antene isimame?"

"Sijapanda! Kila muntu anajua magoti yangu."

"Telefone yako unaitumia ku rezo?"

"Ni ya kuita tu, nilisema!"

"Basi itoe uiweke hapa ku meza."

Aliitoa kwa madaha, akaibwaga juu ya maziwa yaliyomwagika. Drocella akaiwasha, akageuza kioo ili watu wa mbele waone. Pale juu, alama ya mtandao ilikuwa imejaa, na chini yake jina moja fupi. Mwalimu, aliyekuwa karibu, akalisoma kwa sauti. "Gaju."

Mnong'ono ukapita katika umati. Jasho lilianza kumtoka Ndayambaje chini ya kofia, asubuhi ile ya baridi.

"Inaingiaka yenyewe," akasema. "Hizi telefone za Nzabonimpa zote iko vile. Iko na fujo."

"Vizuri. Mama Verdiane, yako ni ya Nzabonimpa, na iko hapa tangu asubuhi, juu ya sanduku kabisa. Onyesha watu."

Verdiane akafuta mikono kwanza, kisha akaiinua simu yake. Haikuwa na alama yoyote.

"Iko na chapa sawa na yako, Papa," Drocella akasema. "Lakini haimujue Gaju, sababu haijapanda Murambi. Na zile zote zilipita mu foleni, hazimujue. Yako njo inamujua. Ilimujulia wapi?"

Ndayambaje alirudi hatua moja. Alitazama nyuma yake, akaona kwamba watu walikuwa wameshafunga njia, na baadhi ya fimbo zilikuwa zimeshuka kutoka mabegani. Drocella akamshika mkono, akamweka nyuma yake penye kreti, akawageukia.

"Akuna muntu anamugusa! Huyu ni wa sheria. Ukimupiga, hatasema ngombe iko wapi." Kisha, bila kugeuka, akamwambia yule aliyekuwa nyuma ya mgongo wake, "Na wewe usipoongea, nitachoka kusimama hapa."

Akaongea. Alikuwa amepanda Murambi siku ambayo Élie alianza kuugua, kumpelekea uji kama mwenyekiti mwema, na akaona juu ya bega la mgonjwa jina lililoandikwa kwenye kioo cha simu; Jumapili, watu wakiwa misani, akarudi kule na simu yake akageuza njia. Ng'ombe walifichwa katika zizi la shemeji yake, na jana waliondoka na wachungaji wa kukodi, kwa njia ya Mweso, kwenda kwa wachinjaji wa Walikale. Simu yake ilikuwa ya Nzabonimpa kama za wengine. Hakujua hata kidogo kwamba ina nambari ya Élie. Alipoona Élie amekamatwa, alidhani Mungu amemsaidia.

"Byukusenge," Drocella akasema, "vilima vyote viko?"

"Viko, Afande. Njia ya Murambi niliirudisha juzi."

"Basi tuma."

Byukusenge akapiga magoti katika matope ya maziwa akaandika: ng'ombe wa ushirika, njia ya Mweso kwenda Pinga, wazuieni, msipige mtu. Akabonyeza. Umati ulisogea mpaka meza ikalia. Muda ukapita, mtu akakohoa, na Drocella akagundua kwamba amejishika shingo kwa mikono yote miwili.

Murambi ikaitika kwanza. Kisha kilima kinachofuata, kisha Mweso, majibu yakijipanga moja chini ya jingine, na Byukusenge akiyasoma kwa sauti iliyozidi kupanda. Tumepokea. Tumepokea. Tunashuka barabarani. Na mwisho, kutoka kilima cha mwisho kabisa upande wa msitu, ambako ukungu hautoki mpaka saa sita: *Tuko nazo. Zote. Bale benye kuziswaga balikimbia.*

Kelele iliyopigwa pale ilifika kituoni kabla ya Drocella. Akina mama walirusha kanga, Verdiane akamkumbatia Byukusenge kwa kichwa chake chenye nundu, na Nzabonimpa, aliyekuja kuchungulia kwa mbali, akajikuta amebebwa juu na watu ambao hawakujua wanamshukuru kwa nini. Drocella alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hakuyaficha. Alikuwa ameshinda, na kushinda kulikuwa kutamu.

Mahabusu aliifungua mwenyewe. Élie alitoka akipepesa macho, mkewe akamshika mkono na hakumwachia tena. Uani watu walikuwa wamejaa: wale waliomtemea mate Jumapili, wale waliotaka apelekwe Goma amefungwa kamba. Mmoja alileta kiti. Mwingine alileta fanta baridi, akaifungua, akamnyooshea.

Élie alikitazama kiti, akaitazama fanta.

"Ngombe zilifika wapi?" akamuuliza Drocella.

"Karibu na Pinga. Bako nazo."

"Zilitembea siku mbili bila kukamuliwa," Élie akasema. "Maziwa inaziumiza."

Akachukua fimbo mkononi mwa mtu wa kwanza aliyekuwa karibu, mkewe akajitwika sufuria, na wakashika njia ya Mweso bila kugeuka nyuma. Watu walibaki wamesimama kidogo, wakitazamana. Kisha mwenye kiti akakiweka chini, na wote, mmoja mmoja, wakaanza kumfuata.